Mfuatano si Umri: Kusoma Matabaka ya Mawe ya Chokaa kutoka Mvita hadi Mlima Kenya

Ikisiri

Makala hii inajadili jinsi wataalamu wa miamba wanavyokadiria umri wa mawe ya chokaa yaliyojengeka kwa matabaka, na jinsi umri huo unavyotumiwa kueleza kupanda na kushuka kwa bahari katika zama zilizopita. Mifano mingi imetolewa katika pwani ya Afrika Mashariki na kulinganishwa na ushahidi ulioachwa na barafu ya Mlima Kenya. Hoja kuu ni kwamba mfuatano wa matabaka haumpi msomaji umri wa matabaka hayo. Umri hutokana na saa nyingine, ambayo sharti itafutwe na kukaguliwa. Makala inahitimisha kwamba mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mbali na bahari ana haja ya kulijua jambo hili, na kwamba lugha anayoifundisha inamtosha kulieleza.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala hii alizaliwa na kulelewa viungani mwa mji wa Nyeri, mahali ambapo kukicha bila mawingu Mlima Kenya huonekana tangu miguuni hadi kileleni. Bahari aliijua kwanza kupitia ushairi. Alipokuwa katika mazoezi ya ualimu, alipewa kidato cha tatu awafundishe shairi lililokuwa na maneno bamvua na maji mafu. Aliyatafuta katika kamusi usiku, akayaandika ubaoni asubuhi: bamvua ni maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu ni yale ya kati, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Wanafunzi walinakili. Kisha msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akauliza: "Mwalimu, maji hayo yakipwa huenda wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Alisema kwamba swali hilo ni la somo la jiografia, darasa likacheka, na kipindi kikaendelea. Jibu hilo lilikuwa la kukwepa, na limemsumbua mwandishi kwa miaka kadhaa. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lile kwa ukamilifu zaidi kuliko lilivyoulizwa. Kwani bahari hupwa kwa namna mbili. Hupwa kila siku, na jambo hilo mvuvi analijua. Lakini hupwa pia kwa maelfu ya miaka, ikashuka zaidi ya mita mia moja na kurudi tena, na jambo hili hakuna mtu awezaye kuishi muda wa kutosha kulishuhudia. Shahidi wake ni jiwe.

Makala inaanza kwa kueleza jinsi jiwe la chokaa linavyoandika habari za bahari. Inaendelea kutofautisha mfuatano na umri, kisha inaeleza saa zinazotumiwa kupima umri na mizunguko inayodhihirika baada ya kupimwa. Mwishoni inarejea Mlima Kenya, mahali swali lilipoulizwa.

2.0 Jiwe la Chokaa kama Daftari la Bahari

Msomaji aliyefika Mombasa atakumbuka kwamba Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki lake limechongwa ndani ya mwamba huohuo. Anayeukaribia mwamba huo huona maumbo ya matumbawe yaliyogeuka jiwe, mengine yakiwa na mistari myembamba kama ya ukataji wa mti. Mwamba wa aina hii umeandama sehemu kubwa ya pwani ya Kenya. Ndio uliotobolewa na maji ya mvua hadi yakapatikana mapango ya Shimoni. Ndio unaochimbwa Bamburi kutengenezea saruji, na sehemu ya saruji inayotumika bara hutokana nao. Yamkini basi mtu wa Nyeri au Karatina ameishi ndani ya kuta zilizopigwa lipu kwa bahari ya kale bila ya yeye kujua.

Matumbawe ni wanyama wadogo ambao huchuja kalsiamu na kabonati kutoka maji ya bahari na kujijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo mno inayohitaji mwanga wa jua. Kwa sababu hiyo matumbawe yanayojenga miamba hustawi katika maji ya kina kifupi, na baadhi ya aina zake hukua mita chache tu chini ya uso wa bahari. Hapa ndipo thamani ya ushahidi wake ilipo. Tumbawe la aina hiyo likikutwa limegeuka jiwe, likiwa wima kama lilivyokua, ni sawa na alama ya chaki iliyopigwa ukutani kuonyesha mahali maji yalipofika. Tumbawe lililong'olewa na wimbi na kutupwa ufukweni halina ushahidi huo, kwa kuwa halikufia mahali lilipoishi. Hivyo kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuuliza kama shahidi wake yu mahali pake.

Bahari inapopanda, matumbawe hujenga. Inaposhuka, mwamba hubaki nchi kavu. Mvua huuyeyusha taratibu, hupatikana mashimo na mapango, na udongo mwekundu hujikusanya juu yake. Bahari ikirudi, matumbawe mapya huanza kujenga juu ya uso ule uliomomonyoka. Mtafiti Colin Braithwaite, katika kazi yake ya mwaka 1984 kuhusu mawe ya chokaa ya pwani ya Kenya, alionyesha kwamba mwamba huu haukujengwa mara moja. Una sehemu zilizotenganishwa na nyuso za namna hiyo. Kila uso ni habari ya bahari iliyoondoka.

Ni muhimu msomaji atambue tabia moja ya daftari hili. Huandikwa bahari inapokuwa juu. Inapokuwa chini, haliandikwi, na hata kurasa za zamani huliwa na mvua. Ukurasa wenye maandishi machache huenda ulichukua miaka elfu chache, na mstari mwembamba kati ya kurasa mbili ukawa umemeza miaka elfu mia moja. Unene wa tabaka, kwa hivyo, si kipimo cha muda.

Aidha, pwani yetu ina daftari kongwe zaidi ya hili. Nyuma ya ukanda wa matumbawe, katika vilima vya Kambe na Jibana ambako Wamijikenda wamehifadhi makaya yao, yamo mawe ya chokaa yenye umri unaozidi miaka milioni 160. Hayo ni ya bahari nyingine, iliyoingia wakati bara letu lilipokuwa likiachana na Madagaska. Makala hii haitayajadili kwa kirefu. Yametajwa ili ionekane kwamba mawe mawili yanaweza kuitwa kwa jina moja la chokaa, yakatenganishwa na kilomita chache tu, na bado umri wake ukapishana kwa mamilioni ya miaka. Kwa kuyatazama tu, mgeni hawezi kuujua umri huo.

3.0 Mfuatano si Umri

Kanuni ya msingi katika usomaji wa matabaka iliandikwa na Nicolaus Steno mwaka 1669: matabaka yakiwa hayajapinduliwa, la chini ni kongwe kuliko la juu. Kanuni hii hueleza kilichotangulia na kilichofuata. Haielezi ni lini, wala kwa muda gani.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaifahamu hatari hii. Tuchukue mfano wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Katika kibla chake yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Lakini jengo linaloonekana leo kwa kiasi kikubwa ni la karne ya 18, lilipojengwa upya. Na tumbawe lenyewe liliishi baharini kabla ya mchongaji kulishika. Katika ukuta mmoja, basi, mna umri wa jiwe, umri wa maandishi na umri wa jengo. Atakayesoma tarehe moja na kuibandika juu ya vyote vitatu atakuwa amekosea, ingawa tarehe aliyoisoma ni ya kweli.

Katika elimu ya miamba, kisa kinachofundisha somo hili kwa uwazi zaidi kinatoka mbali na kwetu, katika mlima Latemar ulioko kaskazini mwa Italia. Mlima huo umejengwa kwa mamia ya matabaka ya chokaa, mengi yakiwa na unene usiofika mita moja, yaliyopangana kama vitabu vilivyolazwa. Yaliwekwa yapata miaka milioni 240 iliyopita, katika bahari ya kina kifupi iliyokuwa ikiwafunika na kuwafunua viumbe wake mara kwa mara. Mwaka 1987 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, miongoni mwao Lawrence Hardie, walieleza kwamba matabaka hayo yamekaa katika mafungu ya matanotano. Wakayalinganisha na mizunguko ya dunia ambayo tutaieleza katika sehemu ya tano: kila tabaka miaka kama 20,000, na kila fungu miaka kama 100,000. Kwa kuzidisha, mlima ulionekana kuchukua miaka inayokaribia au kuzidi milioni 10 kujengwa.

Hesabu ilikuwa nzuri na mpangilio ulivutia. Hata hivyo, mwaka 1996 Roland Mundil na wenzake walipima chembe za zirkoni zilizotoka katika majivu ya volkano yaliyoanguka ndani ya matabaka ya umri uleule katika eneo hilo. Chembe hizo zilionyesha kwamba kazi yote haikuzidi miaka milioni 5. Mjadala uliendelea kwa miaka mingi, na vipimo vilivyofuata viliuelekeza muda huo kwenye ufupi zaidi. Kama muda ni mfupi hivyo, basi kila tabaka halikuchukua miaka 20,000, na maelezo ya awali kuhusu kila tabaka moja hayawezi kusimama.

Kosa halikuwa katika kuhesabu. Matabaka yalihesabiwa kwa uangalifu mkubwa. Kosa lilikuwa kuichukua saa iliyodhaniwa na kuivisha mfuatano ulioonekana. Yeyote aliyewahi kukadiria umri wa utenzi kwa kuhesabu maneno yake ya kale, bila kuwa na tarehe ya mswada wala habari ya mnakili, ataiona sura yake katika kisa hiki.

4.0 Saa Zilizomo Katika Mawe

Saa inayotegemewa ni ile ambayo mwendo wake hauathiriwi na joto, mvua wala matakwa ya mtafiti. Saa za aina hiyo hupatikana katika elementi zinazogeuka zenyewe kuwa nyingine kwa kasi isiyobadilika. Tutaeleza tatu.

Ya kwanza ni kaboni-14, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Inafaa kwa makaa, mifupa na magamba ya konokono, lakini ikivuka miaka 50,000 kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa sehemu kubwa ya mwamba wa Mombasa saa hii imekwisha kusimama.

Ya pili ni saa ya uraniamu na thoriamu, na hii ndiyo saa ya matumbawe. Uraniamu huyeyuka katika maji ya bahari, nayo thoriamu haiyeyuki kwa urahisi. Tumbawe linapojenga mfupa wake hunyonya uraniamu kidogo pamoja na chokaa, ila thoriamu huwa karibu hamna. Tangu siku hiyo, uraniamu-234 iliyofungiwa humo huanza kugeuka kuwa thoriamu-230. Nusu ya uraniamu hiyo hugeuka katika miaka kama 245,000, nayo thoriamu inayozaliwa huendelea kuoza kwa kasi yake, nusu kwa miaka kama 75,600. Mtaalamu akipima uwiano wa hizo mbili hupata muda uliopita tangu tumbawe lilipokuwa hai. Saa hii husomeka hadi kufikia takriban miaka nusu milioni.

Lakini ina sharti. Tumbawe hai hujenga kwa aina ya chokaa iitwayo aragonaiti. Mvua ikilipitia kwa muda mrefu, aragonaiti hubadilika kuwa kalsaiti, na katika mabadiliko hayo uraniamu huweza kuingia au kutoka. Saa iliyofunguliwa kasha haiaminiki tena. Ndiyo maana mtaalamu hulichunguza kwanza jiwe, akalikataa lile lililobadilika hata kama ndilo zuri zaidi machoni. Katika pwani yenye mvua nyingi kama yetu, mawe yanayokataliwa si haba.

Ya tatu ni saa ya potasiamu na agoni, nayo ni ya mawe ya moto. Potasiamu-40 hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa bado moto, gesi hutoroka. Ikiganda, hunaswa na kuanza kurundikana. Kwa saa hii tunajua kwamba Mlima Kenya ulikuwa volkano hai kati ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Kwa saa hiihii, mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza kwamba tabaka la chini la Olduvai, nchini Tanzania, lina umri wa miaka milioni 1.75. Jambo hilo liliushtua ulimwengu, kwani wengi walidhani ni tabaka changa zaidi. Ikumbukwe kwamba kilichopimwa Olduvai ni majivu ya volkano yaliyolala kati ya matabaka ya ziwa.

Olduvai na Latemar zinatufunza jambo moja. Matope na chokaa hutunza mfuatano. Moto huleta tarehe. Nchi yenye vyote viwili, kama Afrika Mashariki, ina bahati.

5.0 Mizunguko Ndani ya Mizunguko

Tukishakuwa na saa, tunaweza kuuliza kama bahari ilipanda na kushuka kwa utaratibu. Na hapa Kiswahili kina hazina ambayo lugha nyingi hazina.

Mtu wa pwani hahesabu mzunguko mmoja wa maji. Kuna kujaa na kupwa, mara mbili kwa siku. Juu ya mzunguko huo kuna bamvua na maji mafu, ambao hufuata mwezi. Bamvua ikifika Mombasa, tofauti ya maji makuu na madogo huweza kuzidi mita 3; katika maji mafu hupungua sana. Juu ya hayo kuna kaskazi na kusi, na hesabu ya miongo ya Nairuzi ambayo kwayo mabaharia waliugawa mwaka katika siku kumikumi. Mizunguko hii haifutani. Mdogo hupanda mgongoni mwa mkubwa.

Mtaalamu wa hesabu wa Serbia, Milutin Milanković, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1941, alieleza kwamba dunia nayo ina mizunguko ya namna hiyo katika safari yake ya kulizunguka jua. Njia yake hurefuka na kuviringana kwa takriban miaka 100,000. Mhimili wake huinama zaidi na kuinuka kwa miaka kama 41,000. Na mhimili huohuo huyumba, mfano wa pia inayokaribia kulala, kwa muda wa kati ya miaka 19,000 na 23,000. Mizunguko hii hubadilisha kiasi cha jua linalofika kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi cha huko. Jua likipungua, theluji ya mwaka huu huikuta ya mwaka jana haijayeyuka, ikarundikana kwa maelfu ya miaka hadi ikawa barafu nene ya kufunika nusu bara.

Nadharia hiyo ilikosa ushahidi wa kutosha hadi matumbawe yalipopimwa. Katika kisiwa cha Barbados, ambacho ardhi yake huinuliwa taratibu, kila mara bahari ilipopanda ilijenga mwamba wa matumbawe, kisha mwamba huo ukainuliwa na kuachwa juu kama kipandio cha ngazi. Katika miaka ya 1960 vipandio vitatu vilipimwa kwa saa ya uraniamu na thoriamu, vikapatikana na umri wa takriban miaka 82,000, 105,000 na 125,000. Nafasi kati yake inalingana na kuyumba kwa mhimili. Tofauti na Latemar, hapa saa ilitangulia na mzunguko ukafuata.

Karibu na kwetu, baadhi ya visiwa vya Shelisheli ni shahidi muhimu, kwa kuwa vimejengwa kwa matale magumu ambayo hayajainuka wala kuzama sana. Mwaka 2015 Andrea Dutton na wenzake walichapisha vipimo vya matumbawe ya kale yaliyong'ang'ania matale hayo. Yalionyesha kwamba, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilifika zaidi ya mita 7 juu ya ilipo leo. Sehemu kubwa ya mwamba unaoonekana katika fuo za Kenya nayo huhusishwa na kipindi hicho cha joto. Ni vyema kuongeza kwamba mwamba mmoja hauisemei dunia nzima. Ardhi huinuka na kushuka, na uzito wa barafu huvuta maji ya bahari upande mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo maana ushahidi wa mahali pamoja hulinganishwa na wa kwingine, kama tunavyolinganisha miswada ya utenzi mmoja.

6.0 Maji Huenda Wapi?

Sasa tunaweza kulirudia swali la msichana yule. Katika kupwa kwa kila siku, maji hayaendi mbali: huvutwa na mwezi na jua, yakapungua hapa na kujaa kwingine. Lakini katika kupwa kukubwa, maji huondoka baharini kabisa. Huenda nchi kavu, nayo hukaa huko yakiwa barafu.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imezifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, bahari ilikuwa takriban mita 120 hadi 130 chini ya ilipo leo. Mito iliyoshuka Mombasa ilipokuwa ikiifuata bahari iliyokuwa chini hivyo ilichimba mabonde marefu katika mwamba. Maji yaliporudi, mabonde yalifurika, ikapatikana mikono ya bahari ya Tudor na Kilindini. Jina Kilindini lenyewe linatokana na kilindi, yaani mahali pa maji marefu. Bila ya kupwa kule kukubwa, Mvita isingekuwa kisiwa wala bandari, na sehemu kubwa ya ushairi tunaousoma darasani isingekuwa na mahali pa kutungiwa.

Unguja nayo ilikuwa imeungana na bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawakuogelea kufika huko. Mlango wa bahari ulifurika yapata miaka 10,000 iliyopita, wanyama hao wakabaki kisiwani hadi wakatoweka. Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, haikuunganika na bara katika kupwa huko.

Na Mlima Kenya? Anayepanda kwa njia ya Naro Moru hadi bonde la Teleki hupita juu ya matuta ya mawe na udongo yaliyolala mahali ambapo leo hakuna barafu hata kidogo. J. W. Gregory, aliyefika huko mwaka 1893, aliyatambua matuta hayo kuwa yalisukumwa na barafu iliyowahi kushuka mbali chini ya ilipoishia wakati wake. Upande wa Meru, matope ya Ziwa Takatifu yametunza chavua kwa matabaka. Uchunguzi uliofanywa na J. A. Coetzee katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba katika zama hizo za baridi mpaka wa msitu ulikuwa umeshuka sana. Bahari ilipokuwa imepwa Mombasa, basi, mlima huu ulikuwa umevaa joho refu zaidi la barafu.

Lazima tuwe waangalifu hapa. Barafu ya Mlima Kenya haikuwa sababu ya bahari kushuka. Ilikuwa kidogo mno. Hata ingeyeyuka yote kwa siku moja, mvuvi wa Lamu asingetambua. Maji yaliyopungua baharini yalikuwa katika barafu kuu za kaskazini na za ncha ya kusini. Mlima wetu na bahari yetu vilikuwa vikiandika habari moja ya baridi, kila kimoja katika daftari lake. Mlima uliandika zaidi wakati wa baridi, mwamba wa matumbawe uliandika wakati wa joto. Kurasa zinazokosekana huku hupatikana kule.

Johann Ludwig Krapf alipouona mlima huu kutoka Kitui mwaka 1849 na kusema una theluji, wapo wasomi wa Ulaya waliokataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa kwenye Ikweta. Leo huenda mtoto wa Nyeri akaja kudhihakiwa kwa sababu iliyo kinyume, akisema kwamba iliwahi kuwako. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Kwa upande wa bahari, kima cha wastani duniani kimepanda kwa sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne ya 20. Mabadiliko haya ya sasa hayakuletwa na mizunguko ya Milanković, ambayo huenda polepole mno. Yameletwa hasa na hewa chafu itokanayo na shughuli za binadamu. Lakini mwamba wa matumbawe unatupa onyo. Miaka 125,000 iliyopita dunia haikuwa na joto kubwa sana kupita la karne zetu, na bado bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo.

7.0 Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili linatuhusu sisi wa Idara ya Kiswahili. Linatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza ni suala la istilahi. Makala hii imetumia maneno kadhaa ya kukopa, kama vile uraniamu, thoriamu, agoni, zirkoni, aragonaiti na kalsaiti. Hayo ni majina ya vitu ambavyo havikuwa na jina kwetu. Dhana zenyewe, ambazo ndizo ngumu, zimeelezwa kwa maneno yaliyokuwapo: tabaka, mfuatano, kima, kupwa, kujaa, bamvua, kilindi, pia. Dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi mara nyingi hutolewa na watu waliojaribu kutafsiri maneno kabla ya kulielewa jambo.

Pili ni suala la ufundishaji. Walimu wengi wa Nyeri, Nanyuki, Embu na Kerugoya hufundisha ushairi uliojaa bahari kwa wanafunzi ambao hawajaiona, na wengine hawajaiona wao wenyewe. Neno bamvua huwa ni la kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini mwalimu anayeweza kuonyesha mlima kupitia dirisha na kusema kwamba matuta yale na mwamba wa Mvita vinasimulia baridi moja, amempa mwanafunzi njia ya kuifikia bahari kutoka mahali alipoketi. Mtoto wa bara si mgeni katika msamiati huu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mawe ya chokaa yenye matabaka hutunza habari za kupanda na kushuka kwa bahari, lakini habari hizo hazisomeki kwa kuhesabu matabaka peke yake. Mfuatano hutueleza kilichotangulia. Umri hutoka katika saa iliyokaguliwa, iwe ya uraniamu ndani ya tumbawe au ya moto ndani ya majivu ya volkano. Vikipatikana vyote viwili ndipo mizunguko inapodhihirika, na ndipo mlima na bahari vinaposomeka pamoja. Tahadhari hiyohiyo inatufaa sisi tunaosoma miswada na maandishi ya kale.

Msichana aliyeuliza swali amekwisha maliza shule, na mwandishi hajui aliko. Lau angekuwa darasani leo, angejibiwa hivi: maji mengine huvutwa na mwezi, yakarudi jioni, na mengine hupanda nchi kavu yakawa barafu, kama ile iliyobaki kidogo pale juu, nayo yakirudi huchukua maelfu ya miaka, isipokuwa yakiharakishwa.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza, kwa kutumia mfano wa Latemar, tofauti kati ya kuhesabu matabaka na kupima umri wake.

2. Kwa nini tumbawe lililobadilika kuwa kalsaiti hukataliwa na mpimaji wa umri?

3. Chagua shairi lolote la pwani lenye msamiati wa maji kujaa na kupwa. Jadili jinsi utakavyolifundisha katika shule iliyo mbali na bahari.

4. Taja maandishi au jengo la kale unalolifahamu lenye umri zaidi ya mmoja ndani yake, kisha ueleze jinsi utakavyoutofautisha umri mmoja na mwingine.